Miti Niliyopanda Mahameni

Kwetu mwanamke hakupanda mti. Alipanda mahindi, wimbi, maharagwe, hata mgomba aliuchimbia shimo, lakini mti wa kusimama miaka na miaka, hapana. Ati akipanda, bwana yake atakufa. Mti ukienda juu, mwanamume anaenda chini. Hakuna aliyetueleza kwa nini. Tulikua tukijua hivyo, kama tulivyojua kwamba moto unaunguza.

Mimi nilipanda arobaini.

Wakati wa ile vita kubwa ya pili, mimi na bwanangu tuliishi kwenye shamba la mzungu nje ya Kitale. Yeye aliongoza ng'ombe wa kulima, mimi nilichuma pareto. Mstari wa kando yangu alichuma mama mmoja mzee ambaye vidole vyake vilikuwa vimejikunja kama mizizi. Asubuhi moja nyapara akamwambia asichukue kikapu. Hakumtukana. Alimwambia tu, vile unamwambia mtu kwamba mvua inakuja. Wakampandisha kwenye mkokoteni na mkeka wake na sufuria moja, wakamshusha barabarani. Alikaa hapo siku mbili akitazama upande huu na upande ule, kama mtu anayejaribu kukumbuka kwao ni wapi. Siku ya tatu mkeka ulikuwapo, yeye hakuwapo. Hakuna aliyeuliza, na mimi pia sikuuliza. Lakini tangu siku hiyo, kila nikiinama kuchuma, nilisikia kikapu chake kikisugua maua kando yangu, shrr, shrr. Nikigeuka, hakuna mtu.

Ndipo nikaanza kufikiria uzee wangu. Pesa nikiweka, shemeji zangu walikuja na shida zao mpaka ziishe. Kuku waliliwa na wageni. Ng'ombe wa mwanamke huwa wake akiwa ndama tu. Akianza kutoa maziwa anaitwa wa bwana. Nilitaka kitu ambacho hakuna mtu angenyoosha mkono kukichukua. Nikaona ni kitu ambacho watu wanakiogopa.

Mfanyakazi wa kitalu cha yule mzungu nilimpa kuku wawili, akanipa miche arobaini ya mikaratusi, ile sisi tunaita blugamu. Niliifunga kwa magome ya mgomba, nikapanda lori la mahindi mpaka karibu na Misikhu, nikatembea mpaka kwetu. Nyuma ya boma la mama mkwe palikuwa na mahame. Zamani kabla sijaolewa, ugonjwa uliingia boma lililokuwa hapo ukamaliza wote, mkubwa na mdogo. Lilikuwa shamba la ukoo wa bwanangu lakini hakuna aliyelima hapo. Nyasi zilikuwa nzuri, za kijani, na ng'ombe wenyewe walizizunguka.

Nilienda saa sita mchana, wakati jua linafukuza kila mtu ndani ya nyumba. Kwenye shimo la tatu jembe likagonga jiwe. Kumbe ni figa, bado jeusi upande mmoja kama limetoka kupikiwa jana. Nilipiga hodi. Mimi, Mkristo wa kubatizwa, nilisimama peke yangu juani nikapiga hodi, ndipo nikaendelea kuchimba.

Kila nilipokuja nyumbani nilijipima na miti hiyo. Ilifika magotini. Ilipofika kiunoni, bwanangu alianza kukohoa. Ilipofika begani, mshipi wake uliongezwa tundu. Ilipopita kichwa changu, nyapara alimwambia naye aende akapumzike kwao, tukarudi upande wa Bungoma na mizigo yetu. Dispensari walitupa chupa ya dawa, ikaisha, wakatupa nyingine.

Mama mkwe alienda kutafuta kuni, akaona vichwa vya miti juu ya nyasi za mahame. Alirudi bila kuni.

"Umempandia mwanangu kaburi," akasema, "na unalipalilia."

Wazee wa ukoo walikaa, wakasema ning'oe yote kabla ya Jumapili. Nisidanganye, niliwaamini. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu: wiki miti iliporuka, ndiyo wiki yeye alishuka.

Jumamosi asubuhi nilichukua panga. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Nilipokaribia nilisikia kitu kinakwaruza udongo, nikajua leo wenye boma wameamka. Miguu ilitaka kurudi. Nikaenda tu. Katikati ya miti palikuwa na mtu amepiga magoti, blanketi mabegani, akitoa magugu kwa mikono.

Ni bwanangu. Mtu ambaye jana alishindwa kukaa kitandani bila kushikwa.

Sikujua kama ni yeye au ni roho yake imetangulia. Nikamgusa shingo, nikakuta ina joto.

"Rudisha panga nyumbani, mama watoto," akasema bila kugeuka. "Mimi ninakufa. Ukikata nitakufa, usipokata nitakufa. Tofauti ni kwamba ukikata utabaki bila mimi na bila miti."

Nikamwuliza kama alikuwa anajua kwa muda mrefu. Akasema tangu siku niliyompa yule wa kitalu kuku. "Kuku wawili, na hatukuonja hata shingo," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamkamata.

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani. Alikuwa mwepesi kama mzigo wa majani makavu. Aliwaita wazee, akawaambia miti ni ya mkewe na mtu asiiguse. Wiki ya tatu tukamzika.

Watu walisema nimemla. Sokoni walinipisha njia. Ndugu yake alikuja kunirithi, kama desturi ilivyo, nikamwambia asante, nina miti. Hakurudi. Na miti hakuna aliyeigusa, hata kwa kuni.

Wahindi walipojenga maduka mapya Bungoma walitafuta nguzo. Vijana wetu walikataa kukata, kwa hiyo nilikata mwenyewe, na visiki vikachipua tena. Sijawahi kumwomba mtu sabuni tangu wakati huo. Nyumba hii ya mabati ninamoandikia ni ya visiki hivyo.

Siku moja mama mkwe, mgongo umeinama, alikuja akasimama nje ya mlango wangu. Alikuwa hajaniita jina miaka mingi. Aliniomba miche kumi.

Nikamwambia, "Mama, si mlisema inaua?"

"Bwana wangu alishakufa kitambo," akasema. "Sasa itamuua nani?"

Tulienda pamoja mchana. Mimi nilichimba, yeye akashikilia miche na kuifinyia udongo. Hakuniomba msamaha, na mimi sikumdai. Mpaka leo siwezi kuapa kwamba miti ile haikumnywa bwanangu. Ninachoweza kuapa ni kwamba nilikataa kuwa kama yule mama wa mkeka barabarani, na sikuwa.