Matoka Kwenye Ndoo za Rangi

Kwenye veranda yetu ya Kitengela kuna ndoo za rangi zilizotobolewa chini kwa msumari wa moto. Majirani wamepanda sukuma na dania kwenye zao. Zetu zina itoka, lile ua jeupe lenye mistari ya waridi, ambalo kwetu Murang'a halipandwi kwa urembo. Itoka ni mpaka. Ukikuta matoka yamepangwa mstari unajua shamba la mtu linaishia hapo, na kuyang'oa ni kosa ambalo hata mlevi halifanyi.

Baba aliyaleta kutoka kwetu alipostaafu akanunua ploti Kisaju. Nilimsihi aende ofisi ya ardhi ahakikishe hati ni ya kweli. Alinijibu kwa upole unaoniudhi hadi leo.

"Mama," alisema, maana nimepewa jina la mamake, "nishapanda itoka kona zote. Nani atang'oa?"

Ploti ile iliuzwa mara mbili. Aliyeuziwa baada yetu alikuwa na karatasi safi, na ndiye aliyeng'oa. Angekuwa mgeni wa mila zetu ningemsamehe. Lakini alitusalimia kwa Kikuyu, kisha akatuonyesha kando ya barabara alikoyarundika.

"Mzee, siku hizi ni title. Hiyo itoka yako beba uende nayo."

Baba alivua koti, akayafunga ndani yake, akaanza kuondoka. Mimi nilimtukana yule mtu hadi sauti ikanikauka, na sijutii hata neno moja.

Ndoo zilianza siku hiyo. Udongo wa huku ni mweusi, mvua ikinyesha unanata na jua likiwaka unapasuka, kwa hiyo baba aliuchanganya na mchanga na samadi ya mbuzi. Maji ya kisima yana chumvi. Aliyakingia matoka yake maji ya mvua, na mimi nikaendelea kufua kwa yale ya chumvi yasiyotoa povu. Alikuwa akiyapangusa vumbi kwa kitambaa, jani moja moja. Nilimwambia ayatupe.

"Yanangoja," alisema.

Hakusema yanangoja nini. Nilijua ni shamba lingine, na nilijua pia kwamba kwa umri wake na pensheni yake hatalipata. Nilimkasirikia kwa kungoja pamoja nayo.

Mvua za mwaka huu yalichanua yote. Mama mwenye nyumba tunayopanga, mtu wa Ukambani, alikuja kukagua mabomba akasimama kwenye veranda yetu. Alikuwa amemaliza kujenga kwake Isinya.

"Baba, hii maua ni mzuri sana. Unaweza nipatia kidogo nipande kwa fensi?"

Nilifungua mdomo kukataa. Baba akaniwahi.

"Niko na mingi. Nitakuja nikupandie mwenyewe."

Alikwenda Jumamosi, amevaa viatu vya kanisani. Nilimfuata kwa kuwa jua la Isinya si la mtu wa shinikizo la damu. Alifunga kamba kutoka kona hadi kona chini ya seng'enge, akapiga magoti, akachimba. Kila shimo alilipima kwa kiganja. Nilipotaka kumsaidia alinisukuma mkono, akaniambia nitaupinda mstari. Mama mwenye nyumba alituletea chai, akasema hajawahi kuona mtu wa maua mwenye bidii hivyo. Baba alicheka tu. Hakumweleza itoka ni nini, na mpaka leo mama yule hajui kwamba shamba lake limewekewa mpaka na mpangaji wake.

Tuliporudi alikula akamaliza sahani, akalala mapema, uso umetulia kuliko nilivyouona tangu Kisaju. Mimi nilibaki jikoni nikilia kwa hasira. Ndoo tatu bado ziko verandani, lakini siku hizi hata haziangalii.

Kila nikienda Isinya baba huniomba nipitie kwa yule mama niangalie kama matoka yameshika. Nami hupitia. Yameshika vizuri.