Mstari wa Penseli

Mama hakunidai mengi. Aliniita Mami, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake, na jioni moja hapo nyumbani Kimbo, akichambua maharagwe ya njahi, aliniambia bila kuinua kichwa: "Mami, wewe ndio umesomea hii stima. Huyu kaka yako atauliwa na hizo maikrowevu. Fanya kitu."

Kaka yangu alikuwa seremala, mtoto wa seremala, hadi kazi ya mbao ilipokauka akaja kujibanza kwenye kibanda changu cha kutengeneza vyombo vya umeme, Ruiru. Alikuwa na mikono mizuri na kichwa kigumu. Maikrowevu ikiletwa, alikuwa akigusisha bisibisi kwenye kapasita, kile kikopo kinachohifadhi umeme hata baada ya plagi kutolewa, aone kama umebaki. Cheche ikilia ta!, anacheka. Kidole chake kimoja kilikuwa kimekufa ganzi. Nikimkemea, anasema, "Sista, kwani huko Thika mlisomea uoga?"

Ndiyo, uoga tulisomea. Mita ya kawaida ya kupimia umeme mwisho wake ni volti elfu moja, na ndani ya maikrowevu kuna zaidi ya hapo. Ukiigusisha, mita inaungua, na wewe pengine unaifuata. Panahitajika probu, fimbo ya kugusia inayopunguza umeme huo kabla haujafika kwenye mita. Za dukani hazikuwa za watu wa kibanda kama sisi, basi nikaamua kuunda yetu.

Niliunga rezista nyingi, vile vijiti vidogo vya kuzuia umeme, kichwa kwa mkia, maana moja peke yake ikibebeshwa volti hizo umeme huiruka. Zikiwa nyingi hugawana, kama watu waliobeba jeneza, kila bega na sehemu yake. Kilichonisumbua ni paipu ya kuzifunika. Madukani zilijaa zile nyeusi za maji, nikazikataa. Weusi wa plastiki mara nyingi ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Nilimweleza kaka yangu haya yote, naye akaitikia kwa kichwa. Nikachukua nyeupe, nikaipangusa kwa spiriti, nikaijaribu kwenye maikrowevu moja baada ya nyingine. Ilisoma vizuri. Nilifurahi, sitaficha. Nilimpigia Mama simu nikamwambia sasa alale, mtoto wake hatachezea tena kifo.

Kilibaki kitu kimoja tu, kisahani cha plastiki cha kuzuia vidole visiteleze kwenda mbele. Hicho nilimwachia yeye, kwa kuwa kazi ya kupima na kukata ilikuwa yake.

"Nitaiweka leo," alisema. "Na itanyooka, si kama kazi yako imepinda kama mkia ya nguruwe."

Siku hiyo nilikwenda Thika kutafuta vipuri. Mama mboga, jirani yetu, ndiye aliyenipigia. Alikuwa akilia na kumwita Mungu, Ngai, sikuelewa lolote ila kwamba nirudi. Nilipofika walikuwa wameshamlaza kaka yangu kwenye kadibodi, wamemfunika uso kwa koti lake la kazi. Maikrowevu ya hoteli moja ya Githurai 45 ilikuwa mezani, imefunuliwa.

Nilikagua kila kitu kwa hasira. Nilitaka kuona alipokosea, nimtukane. Waya wa erthi, ule wa kurudishia umeme, ulikuwa umebanwa kwenye chuma, mahali palipokwanguliwa rangi, kama nilivyomfundisha. Mama mboga akasema, "Alikuwa ameweka mkono moja kwa mfuko, vile wewe humwambianga." Sakafu ilikuwa na unyevu, kama kawaida yake wakati wa mvua.

Kisha nikaigeuza ile probu. Kutoka nchani hadi kwenye kishikio, kupita chini ya kisahani, kulikuwa na mstari wa penseli. Ulikuwa mnyoofu kabisa, mweusi, umepitiwa tena na tena, mstari wa seremala anayelamba penseli kwanza ili ikolee. Marehemu Baba alimfundisha hivyo tangu utotoni, usiweke kitu kabla ya kukichorea. Na kile cheusi cha penseli ni kaboni. Mimi nilikataa paipu nyeusi, yeye akajichorea njia nyeusi juu ya nyeupe. Umeme ukaziacha rezista zangu zote mle ndani, ukapita nje hadi kiganjani mwake. Katikati ya mstari plastiki ilikuwa imeungua.

Nilimchukia siku ile. Hadi leo nampenda na nina hasira naye, na sijui niipeleke wapi.

Tulimzika huko Murera, kwenye shamba letu. Watu walisema yao: wengine laana, wengine kile kifaa cha yule msichana. Wageni walipoondoka Mama aliniambia, "Nionyeshe."

Nikaitoa ile probu kwenye mfuko. Aliishika kwa mikono miwili, nikamwekea kidole pale kwenye mstari, nikamweleza.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu, Mum."

Akalamba kidole gumba, kama alivyokuwa akifanya alipotufuta nyuso kabla ya kanisa, akakipitisha juu ya paipu mara moja. Mstari ukatoka wote, ila pale palipoungua. Akakitazama kidole chake cheusi, kisha akanitazama mimi.

"Si ungempangusia tu, Mami."