Sare ya Watu Watano

Ujumbe wa mwanangu kuhusu nguo za kubeba safarini ulinipata sokoni Gikomba, nimekaa juu ya robota la nguo za watoto ambalo nilikuwa sijalifungua. Niliusoma mara tatu na mara zote tatu nilikasirika. Viatu visivyoteleza. Sweta nyepesi, kwa sababu ndani ya meli kiyoyozi ni kikali. Nguo za kuogelea. Vazi moja la heshima kwa jioni ya chakula rasmi. Alikuwa ameandika kama karani wa shule ya bweni anayemwandikia mzazi asiyemjua.

Lakini nilienda. Alikuwa ameajiriwa hoteli moja huko Ghuba na hakuwa amekanyaga nyumbani kwa miaka sita. Baba yake tulimzika yeye akitazama kwa simu. Sasa alikuwa ametulipia siku nne baharini: yeye, mke wake, watoto wao wawili, na mimi. Nami nilitaka jambo moja tu katika safari hiyo, nalo sikumwambia mtu. Nilitaka picha moja ya familia, sote watano tumevaa sare. Tangu mzee anitoke sikuwa na picha hata moja niliyosimama na mtu wangu.

Sisi watu wa mitaa hii, hata sherehe iwe ndogo namna gani, lazima familia ishone. Mnanunua kitenge kimoja, kila mtu anachagua mshono wake, halafu mnapigwa picha. Asiye na sare kwenye picha ni mgeni au ni mtu mliyegombana naye. Kwa hiyo niliposoma "vazi la heshima," sikuwa na swali. Nilinunua kitenge cha kijani chenye maua ya manjano nikampelekea fundi wangu wa Majengo, ambaye amenishonea tangu mwanangu akiwa darasa la kwanza.

"Sawa, mathe," akasema. "Leta vipimo."

"Vipimo gani? Andika nikuambie."

"Hao watu si wako majuu? Umewapima aje?"

"Kwa macho. Nimeuza nguo za watoto miaka ishirini na mbili. Mama akinitajia umri wa mtoto tu, namtolea nguo inayomkaa. Utanifundisha wewe?"

Akacheka, akaandika. Kuuliza si ujinga, tunawaambia watoto kila siku, lakini mimi nilitaka kuwashtua kwa furaha. Ukweli mwingine nausema leo: niliona aibu kumuuliza mwanangu kiuno chake ni inchi ngapi. Mama anayeuliza hivyo anakiri kwamba hamjui tena mtoto wake.

Akina mama wa kanisa walikuja kwangu, mtaa wa Lucky Summer, kuniombea safari. Mmoja aliniletea tangawizi ya kutafuna bahari ikichafuka. Mwingine alinishika mkono akaninong'oneza, "Mama, hiyo nguo ya kuogelea usivae. Mtu akikuweka kwa status, utaimba kwaya ukiwa umejificha wapi?" Tulicheka mpaka chai ikapoa. Walipoondoka nilizikunja zile nguo tano juu ya kitanda, kubwa chini, ndogo juu, nikazitazama kwa muda mrefu. Nilifurahi sana siku hiyo.

Basi, nilipotoka pale uwanja wa ndege wa huko, nikawaona wanne wamenisubiri, macho yangu hayo hayo yakaniambia kabla hata sijawakumbatia. Umekosea. Mjukuu wangu wa kiume alikuwa na miaka tisa, hilo nililijua. Lakini alikuwa na mabega ya mtoto wa kumi na tatu. Msichana, mwenye miaka sita, alimfikia mama yake kifuani. Na mwanangu, niliyemuaga akiwa mwembamba kama mpini wa jembe, alikuwa na tumbo la baba yake. Kila Jumapili nilikuwa nikiwaona kwenye simu, ndiyo, lakini simu ilinionyesha nyuso.

"Hello, Grandma," watoto wakasema, wakanipa mkono. Nilikuwa nimewaza siku nyingi wataniitaje tukionana ana kwa ana, Cucu au Shosh, kama watoto wa kwetu wanavyowaita bibi zao. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Kama unaenda mara ya kwanza, nitakuambia la kutarajia, kwa kuwa mimi hakuna aliyeniambia. Meli ni kubwa hata husikii kama inakwenda. Tangawizi nilirudi nayo nzima. Utapewa kadi, na bila hiyo hata mlango wako hufungui. Mtakusanywa mfundishwe kuvaa jaketi la kuokoa maisha, na kila mtu atacheka isipokuwa wewe. Chakula hakiishi. Sweta ni kweli, beba hata mbili. Mimi nilishinda kando ya bwawa nimevaa dera, nikiwatazama wajukuu wakipiga mbizi, na kila walipoibuka walimwita mama yao aone. Chumba changu kilikuwa peke yake, orofa mbili chini ya chao, hakina dirisha. Mwanangu alisema wazee hupenda utulivu. Utulivu ninao Lucky Summer, wa kutosha hata kugawia watu. Nililia humo ndani siku mbili, kisha nikanawa uso nikapanda kula.

Siku ya tatu ndiyo ilikuwa ya chakula rasmi. Alasiri nikapanda chumbani kwao na mfuko wangu. Nilijua zitagoma, lakini moyo wa mtu una ujinga wake. Nilidhani pengine vitambaa vingenihurumia.

Shati la mwanangu halikufunga kifungo hata kimoja. Suruali ya mvulana ilimwishia chini kidogo ya magoti. Gauni la msichana lilikwama mabegani, akaanza kulia, ikabidi tumvue polepole tukimbembeleza. La mke wa mwanangu, ambaye kusema kweli sikuwa nimemfikiria sana, lilimkaa kama limemwagwa juu yake. Alijigeuza mbele ya kioo mara moja, akatabasamu, kisha akalivua.

"Mum, si ungeuliza tu?" mwanangu akasema. Hakuwa na ubaya. Alikuwa amechoka.

"Na wewe si ungesema?"

"Ningesema nini?"

"Kwamba watoto wamekua. Kwamba umenenepa. Kitu chochote."

Akaanza kulikunja lile shati. Mke wake akasema kwa upole kwamba wao walikuwa wameshapanga kuvaa nyeusi, lakini mimi nivae yangu, inanipendeza. Nikavaa.

Kwenye ngazi kubwa, mbele ya ukumbi wa chakula, kulikuwa na mpiga picha wa meli na foleni ya familia. Zamu yetu ilipofika aliwapanga wanne kwenye ngazi, wote wamevaa nyeusi, nadhifu, wanafanana. Mimi nilisimama ngazi moja chini na kijani changu. Mpiga picha alinitazama, akawatazama, akaniuliza kwa Kiingereza, kwa adabu kabisa, kama niko pamoja nao.

Swali lilikuwa jepesi. Hata mtoto angelijibu. Lakini hasira ya alasiri ilikuwa bado haijanitoka, na hasira ya siku zile zote, na ya miaka sita. Nilisema hapana.

Akanionyesha kwa mkono pa kusubiri. Nikatoka, nikasimama kando ya chungu cha maua. Taa ikawaka. Mwanangu akashuka haraka, akanishika kiwiko. "Mum, umemwambia nini?" Nikamjibu kwamba nimemwambia ukweli. Akataka turudi, lakini familia nyingine ilikuwa imeshapanda, na msichana alisema ana njaa. "Kesho basi," akasema. Kesho yake ilikuwa ya kufunga mizigo. Hakuna aliyetaja picha, na mimi, mwenye mdomo mrefu hivi, nilishindwa kuomba kitu nilichokikataa mwenyewe.

Asubuhi ya kushuka nilikwenda peke yangu pale wanapozibandika picha ili watu wachague. Nikaitafuta, nikainunua, nikaificha kati ya zile sare nne.

Sasa iko sebuleni kwangu. Wanaokuja kunitembelea huuliza kwa nini mimi simo, nami huwaambia nilikuwa nimeenda msalani. Watoto wanatabasamu vizuri. Mama yao pia. Mwanangu peke yake hatazami kamera. Ameugeuzia uso upande nilikosimama, mkono wake mmoja umeinuka kidogo, na mdomo umefunguka. Ananiita.