Fundi wa Simu Karibu na Stendi

Fundi wa simu aliye karibu na stendi ya Kitale hagusi simu kabla ya kuipuliza. Hupuliza tundu la chaji, huigongagonga simu kiganjani, kisha huiweka sikioni kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Ukucha wa kidole gumba ameufuga mrefu, ndio bisibisi yake, na sauti yake ya mhubiri wa sokoni huwaelekea wapita njia zaidi kuliko mwenye simu. Rahab alimtazama kwa dharau akiyafanya hayo yote na simu yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikiwaka, ikionyesha nembo, ikizima na kuanza upya.

"Mama, hii system imekufa. Tuiflashi tu, kila kitu kitoke, iwake kama mpya."

"Na picha zangu?"

"Picha si utapiga zingine, bana?"

Picha za watoto wake pacha, walipokuwa bado wawili, angezipiga wapi tena? Rahab akamnyang'anya simu. Alipoikaza mkononi, alihisi kitufe cha kuwasha kimebanwa chini ya kava jipya aliloivisha asubuhi hiyo. Akaling'oa. Simu ikawaka, nembo ikapita, na watoto wawili wakatokea kwenye kioo, wakicheka. Akawatazama mpaka macho yakamlowa.

Fundi alikuwa ameshamgeukia mteja mwingine.

"Umeona hiyo ya mama? Ilikuwa imekufa kabisa, na nimeifufua. Sasa leta yako."