Lorna, Mkwamuaji wa Roboti

Hapa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ukimwuliza aliyeungua mkono kama yuko sawa, atakwambia yuko sawa. Ndivyo tulivyolelewa, na Lorna Bjerke ametuzidi sote. Tulipika supu ya wanafunzi wa chuo pamoja miaka mingi, mpaka chuo kilipoleta roboti za kupeleka chakula mabwenini, visanduku vyeupe vya magurudumu sita. Mimi nikabaki jikoni. Lorna akapewa koleo na koti la rangi ya chungwa, azikwamue zikinasa kwenye theluji. Aliichukia kazi ile. Lakini bima ya matibabu hutoka kazini, na mumewe alikuwa na kisukari, basi angeenda wapi?

Mumewe alipofariki, akamwambia bosi wetu, Kurt, kwamba Ijumaa ndiyo mwisho. Anahamia Arizona kwa binti yake, kwenye jua. Nilimwonea wivu, sifichi.

Alhamisi, akiwa ameshatoka kazini, akaona roboti imepinduka nyuma ya maktaba. Si angeiacha tu? Akaifuata, akateleza kwenye barafu, mguu ukalia ko! Akabaki chini kando yake. Wakaja wanafunzi watatu.

"Jamani, maskini wee!" msichana mmoja akasema. Alikuwa anaiambia roboti.

Wakaipangusa, wakaisimamisha, wakaipapasa kama mtoto wa mbwa. Ikashukuru kwa kisauti chake, ikaenda zake.

"Na wewe mama, uko sawa?"

"Niko sawa kabisa, wanangu. Asanteni."

Wakaondoka wakicheka. Sijui walidhani anapunga upepo pale!

Mimi ndiye niliyemkuta, midomo imemgeuka rangi. Nikapandwa na hasira.

"Mbona hukuwaambia?"

"Walikuwa wanawahi darasa, Trudy."

"Una wazimu wewe!"

Hospitalini wakasema mguu umevunjika vibaya, atapasuliwa, kisha miezi ya mazoezi. Angeumia saa za kazi, chuo kingegharamia; lakini alikuwa ameshatoka. Nikamfariji kwamba Arizona haihami.

"Nikiacha kazi kesho, bima inaishia hapo," akasema, na kwa mara ya kwanza nikamwona analia. "Mpigie Kurt. Mwambie nimeghairi."

Nikampigia, roho inaniuma. Kurt alifurahi kweli, akasema watamngoja hata mpaka msimu ujao wa theluji. Lorna akafuta machozi, akanyoosha mkono nimpe simu, akamshukuru.