Notisi ya Mwezi Mzima

Vilitati alianza kupasua mbao kwenye kiwanda cha Ratu Meli, pale Labasa, kabla hajaota ndevu. Sasa vumbi la msumeno lilikuwa limehamia kifuani mwake, akawa anakohoa mpaka majirani wanakosa usingizi. Akaamua kuacha kazi, wahamie kisiwani Kadavu kwa kina Litiana, mkewe, akalime viazi vikuu na kuvuta hewa safi.

Alikwenda kwa bosi wake kiungwana, na mizizi ya kava, ya kutengenezea kinywaji cha heshima, mkononi kama desturi inavyotaka, akaaga: amalize mwezi mmoja, kisha aondoke.

"Mwezi mzima!" Litiana alimaka. "Ungemwambia Ijumaa, Jumamosi tungekuwa melini!"

"Mtu mzima hatoroki kama mwizi wa kuku, mke wangu. Mwache apate muda wa kutafuta mtu wa kushika msumeno."

Siku ya mwisho, mikeka ikiwa imeshafungwa kamba, Ratu Meli, aliyekuwa pia mume wa dada yake Vilitati, aliingia na wazee wawili. Aliketi chini, akanyoosha jino la nyangumi kwa mikono miwili.

"Shemeji, kwa jino hili nakuomba. Usiniache."

Jino la nyangumi halikataliwi. Anayelikataa ameuvua nguo ukoo wake wote. Vilitati alilitazama, akakohoa weee, akalipokea, akapiga makofi ya heshima.

Wageni walipotoka, Litiana alianza kufungua kamba za mikeka.

"Ulimpa mwezi atafute mtu," alisema bila kumtazama. "Akatafuta jino."