Dirisha la Mama Vifungo

Mama Vifungo, mshonaji aliyestaafu, alihamia kwa mwanawe miguu ilipoanza kumsumbua. Chumbani kwake kulikuwa na hita ya gesi ukutani. Mwanawe, kwa kumpenda, aliziba tundu la hewa kwa matambara na kubandika utepe kuzunguka dirisha lote.

"Mwanangu, nitapumuaje humu?"

"Tulia, mama. Nikiacha wazi, joto litatoka lote."

Akakubali, maana nyumba haikuwa yake.

Asubuhi moja, mwanawe akiwa kazini na hita ikiwaka, kichwa kilianza kumgonga, kichefuchefu kikampanda. Alijaribu kusimama, magoti yakagoma. Akaita, hakuna aliyemsikia. Akajikokota mpaka dirishani, akanyakua pasi iliyokuwa mezani, akavunja kioo. Hewa baridi ikamwingia kifuani, akalia kwa kwikwi.

Fundi wa gesi aliyeitwa na mwanawe alikuta bomba la kutoa moshi wa hita nalo limeziba, gesi yenye sumu ikirudi chumbani.

"Msiiwashe hita mpaka bomba lizibuliwe," alisema, huku akichomoa matambara, "na tundu hili lisizibwe tena."

Mwanawe alimwomba radhi, na mama akamsamehe. Lakini hata hita ilipotengenezwa, mama alilala na mlango wazi, anatetemeka chini ya mablanketi, na hakuna aliyethubutu kuufunga.